Unene wa Ngozi ya Neutroni

Jibu lilipotoka kwenye kompyuta, mtafiti alilitazama kwa jicho la pembeni. Miaka yote ya shahada yake ya uzamivu modeli hii yake ya kihesabu ya viini vya atomi ilikuwa ikimtoa jasho, na leo ghafla imekuwa mtoto mwema. Ilikadiria kwamba katika kiini kimoja cha kalsiamu, neutroni za ziada zimesukumwa nje zikafanya ngozi nyembamba, na unene wa ngozi hiyo ulilingana barabara na kipimo cha zamani cha maabara.

Msimamizi wake, ambaye idara nzima ilimwita Bwana Desimali kwa jinsi alivyong'ang'ania tarakimu, alifurahi. "Watumie maabara kadirio lako, binti yangu. Wamepima upya, na saa sita mchana wanatangaza. Ukipatia, tasnifu imekwisha."

"Mbona imelingana mno, Profesa?"

"Mwaka jana ulilalamika hailingani. Wewe huridhiki?"

Alicheka, lakini moyo haukutulia. Akarudi kwenye viini alivyovitumia kurekebishia vigezo vya modeli. Kalsiamu ileile ilikuwa imo humo, pamoja na kipimo chake cha zamani. Modeli haikukadiria chochote. Ilimrudishia kile alichoilisha mwenyewe.

Akaiondoa, akarekebisha vigezo upya, akaendesha hesabu. Ngozi ikanenepa karibu mara mbili.

Bwana Desimali akavua miwani. "Katika wote waliotuma makadirio, hakuna mwenzako aliyefika huku. Ukituma hii ukakosea, tasnifu itasubiri."

"Ile ya kwanza si jibu, Profesa. Ni kama nimeingia kwenye mtihani na majibu mfukoni."

"Haya, tuma. Usije ukanilaumu."

Alituma. Aliogopa, hilo halina ubishi, ila hamu ya kujua ilimzidi nguvu.

Saa sita maabara wakatangaza. Kipimo kipya kilikuwa mbali na cha zamani. Ngozi ilikuwa nene kweli, ila si nene kama alivyosema yeye. Wenzake walioamini kipimo cha zamani walikosea upande mmoja. Yeye alikosea upande wa pili, peke yake.

"Umezidisha," Bwana Desimali alisema, akivuta kiti karibu na kompyuta. "Kwa nini?"

Mwaka mwingine wa kazi ulikuwa umeongezeka hapo hapo, na alilijua hilo. Lakini safari hii kosa lilikuwa la modeli yenyewe, si jibu la mfukoni.

"Sijui," alisema, na tangu aanze masomo yale hakuwahi kulitamka neno hilo kwa furaha kiasi kile.