Mawe Ndani ya Mashua

Mume wangu Apollinaire alifundisha hesabu miaka thelathini, akastaafu, kisha akaniletea mke mwenza wa mbao. Ilikuwa mashua ya mzungu mmoja aliyeondoka zamani, imetupwa kwenye migomba chini ya mtaa wetu wa Kasha, karibu na ziwa, kuku wakitagia ndani. Miaka miwili alibadilisha mbao zilizooza moja moja, akaziba nyufa kwa pamba na lami, mikono ikinuka hata mezani. Nilimwambia vita vimepita juzi tu, wenzake wanatafuta mabati, yeye anatafuta misumari ya shaba. Akanijibu kwamba siku moja tutakwenda Katana kwa makasia, polepole, tukifuata ufuko, na thermos ya chai kati yetu, kumwona Carine.

Carine ni binti yetu wa pekee. Alikuwa ameolewa huko, na mwezi ule wa nane, mwaka 1998, alikuwa anangoja uzazi wake wa kwanza. Nilimwahidi kwamba nitakuwa kando ya kitanda chake.

Alhamisi moja Apollinaire aliishusha mashua majini, akaifunga kwenye mwamba, akaenda matanga Walungu bila kunieleza kitu. Sisi wawili tukianza kuelezana mambo, tunagombana. Kesho yake nilishuka ufukweni nikaikuta imezama, kingo tu zinaonekana, na ndani yake mawe makubwa. Nikapandwa na hasira. Nani anatia mawe ndani ya mashua ya mtu kama si mwenye wivu? Nilimtukana jirani yetu Honoré mbele ya watu, kwa sababu aliwahi kuitamani, naye akabaki ameshika beseni lake la sambaza, vile visamaki vya ziwani. Kisha nikaita wapakiaji wa mchanga, wakatupa mawe, wakaivuta nje na kuipindua juani ikauke vizuri. Nilirudi nyumbani nikijisifu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeitendea wema ile mbao.

Jumapili risasi zikaanza. Jumatatu Apollinaire alifika kwa miguu, na Jumanne asubuhi mchuuzi mmoja akatuletea habari kwamba Carine ameshikwa na uchungu, anamlilia mama yake. Barabara ilikuwa imefungwa na askari. Tukashuka ziwani na mfuko wa nguo za mtoto.

Apollinaire alipoiona mashua imelala juani, alisimama. Nyufa zilikuwa zimefunguka, ukucha ungepita.

"Nani alitoa bateau mu maji?"

"Ni mie. Walikuwa wameitia mawe."

"Ni mie nilitia mawe, Eulalie," akasema taratibu. "Mbao ya zamani inapashwa kunywa kwanza. Siku tatu. Ikivimba, inajifunga yenyewe."

Tulijaribu hivyo hivyo. Hatukufika mbali, maji yakawa magotini, tukarudi. Akayaokota mawe tena, moja moja, akayarudisha ndani ya mashua. Siku tatu nilikaa pale ufukweni nikiitazama ikinywa. Niliogopa mpaka rozari ikanishinda.

Ijumaa alfajiri tuliondoka, na halikuingia hata tone. Ziwa lilikuwa limetulia. Alivuta makasia polepole, akiambaa ufuko ili askari wasituone, na thermos alikuwa ameibeba. Ilikuwa safari ile ile aliyoniahidi, na niliichukia mwanzo hadi mwisho.

Tulimkuta Carine amelala ameelekea ukutani. Mtoto, wa kiume, aliishi siku mbili. Walikuwa wamemzika jana yake. Aliposikia sauti yangu aligeuka.

"Mulikuwa wapi, maman? Nilikuwa nakuita."

Nilifungua kinywa, lakini Apollinaire akanitangulia.

"Ni makosa yangu, mutoto wangu. Nilisahau kutia bateau mu maji. Mama yako alikuwa tayari tangu siku ya kwanza."

Carine alimtazama baba yake, kisha akaugeukia ukuta tena. Miaka imepita, na bado anamsalimu kwa ncha za vidole. Na mimi, ambaye mdomo wangu haujawahi kulala, sijasema kitu.