Ama na Kaka Yake, Ama Basi

Ruba alikuwa na miaka kumi na miwili pale mwalimu wake wa kuteleza kwenye barafu, mwanamke wa Kirusi aliyeajiriwa na uwanja mmoja wa barafu mtaa wa Qurum, alipomwambia baba yake kwamba mtoto huyu asiachwe kuteleza peke yake. Alikuwa mwepesi, hana woga, na akiruka hutua kwa mguu mmoja kama aliyewekwa chini na mtu. Afundishwe jozi, alisema mwalimu. Mwanamme na mwanamke, pamoja.

Bwana Harub alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na huyo mwanamme atamshika?"

"Atamshika kiuno. Atamnyanyua juu ya kichwa."

"Basi ama na kaka yake, ama basi."

Kaka yake, Yazan, alikuwa na miaka kumi na mitano. Alikuwa akija uwanjani kwa ajili ya kufukuzana na rafiki zake na kula chipsi. Hakuna aliyemuuliza. Wiki ile ile alinunuliwa viatu vya kutelezea vyenye visu vya chuma, na kuanzia hapo kila alfajiri baada ya sala Bwana Harub aliwaendesha wote wawili mpaka Qurum, akakaa jukwaani na sweta juu ya kanzu yake, akawatazama kwa saa mbili, kisha akawashusha skuli na kwenda kazini wizarani, Al Khuwair.

Miaka mitano ikapita hivyo. Yazan akarefuka, akapanuka mabega. Alijifunza kumshika dada yake nyonga, kumpandisha juu kwa mikono iliyonyooka, kumzungusha huku yeye mwenyewe akiteleza kinyumenyume, na kumrusha atue mbali. Ruba alivaa nguo ya mikono mirefu na kofia ya kubana nywele, na alipokuwa juu alifungua mikono yake na kufumba macho. Watu waliacha kuteleza wakamtazama. Mwaka 2001 walishika nafasi ya pili katika mashindano ya klabu huko Dubai, na mwalimu akaanza kusema habari za mashindano ya Kuala Lumpur, Disemba ya mwaka unaofuata.

Yazan hakuchukia barafu. Alichochukia ni kwamba hakuwahi kuichagua. Usiku aliota anateleza, na asubuhi aliamka amechoka kama hakulala. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, bila ya kumwambia mtu, aliomba nafasi ya masomo ya uhandisi wa meli Scotland. Mwezi wa sita barua ikaja. Amekubaliwa, gharama zote zimelipwa, anatakiwa kuwepo huko Septemba. Athibitishe kabla ya kupita tarehe ishirini Agosti.

Aliificha ndani ya kitabu cha hesabu, akangoja siku nzuri ya kusema.

Kabla siku hiyo haijafika, mwalimu alikuja nyumbani. Mama yao, Bi Nasriya, alimtengea kahawa na halua. Mwalimu akasema, kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, kwamba Kuala Lumpur kuna kijana ambaye mwenza wake amestaafu. Ni mtelezaji mkubwa kuliko Yazan, na anatafuta msichana mwepesi. Ruba angekaa kwa familia ya kocha, angesoma huko huko. "Akibaki hapa," alisema, "amefika mwisho wake."

Ruba alikuwa mlangoni na sinia mkononi. Alisikia yote.

"Nimeshasema tangu zamani," Bwana Harub alijibu kwa upole. "Mwenza wake ndiye huyu. Namshukuru Mungu alinipa mtoto wa kiume."

Akamgeukia Yazan na kumtazama kwa mapenzi ya kweli. Ile ndiyo iliyokuwa nafasi ya kusema. Yazan akafungua mdomo, akamwona mama yake anamtazama, akanywa kahawa.

Baadaye Bi Nasriya alimfuata jikoni. "Mwanangu, nnaona hali yako," alimwambia. "Lakini mwenzio hana mwengine. Wewe mwanamme, dunia yako pana. Yeye ana barafu ile tu." Akampapasa mgongo. Yazan angestahamili zaidi kama angegombezwa.

Siku zilipungua. Tarehe kumi na saba Agosti, asubuhi, walikuwa wakifanya mnyanyuo wao mgumu kuliko yote, ule ambao Ruba hugeuzwa juu na kushikwa kwa mkono mmoja tu. Yazan alimpandisha. Alisikia uzito wake ukikaa mahali pake, kilo arubaini na nne, uzito alioujua kuliko alivyojua uzito wa kitu chochote duniani. Akawaza, zimebaki siku tatu. Akawaza, huyu nitamshika mpaka lini? Mkono wake wa kushoto ukafunguka.

Ruba aliangukia bega. Sauti ya mfupa ilisikika mpaka jukwaani.

Hospitali walisema mtulinga, mfupa wa mbele ya bega, umevunjika, wiki nane, hauhitaji kupasuliwa. Bwana Harub alimkuta Yazan kwenye korido, ameegemea ukuta, bado na jasho la uwanjani. Akamkumbatia.

"Si kosa lako, babu. Hata ndege huanguka. Atapona, mtaanza tena. Disemba mtakuwa tayari, inshallah."

Tarehe ishirini Yazan alikwenda Ruwi, kwenye duka moja la faksi karibu na kituo cha mabasi. Alikuwa ameandika mistari mitatu. Anashukuru, lakini kwa sababu za kifamilia hawezi kuipokea nafasi hiyo. Muuzaji aliipitisha karatasi kwenye mashine, akamrudishia, akasema, "Imekwenda." Yazan alisimama nje kwenye joto, asijue aelekee wapi, mpaka muuzaji akatoka kumuuliza kama anaumwa.

Mwanzo wa Septemba simu ya nyumbani ililia. Ruba ndiye aliyeipokea, mkono wake mmoja ukiwa umefungwa kifuani. Aliyepiga alikuwa mtu wa ofisi ya masomo, anataka kuhakikisha kwamba Yazan bin Harub amekataa kwa hiari yake, maana nafasi itapewa mwengine. Ruba akasema atampa salamu.

Alimkuta kaka yake juu ya dari la nyumba akianua nguo.

"Barua ulipata lini?"

Yazan aliacha kibanio kikaanguka. "Mwezi wa sita."

"Kwa hivyo siku ile aliyokuja mwalimu, ulikuwa nayo."

"Nlikuwa nayo."

Ruba alikaa juu ya ukingo wa tangi la maji. Akauliza, bila ya hasira, "Na kule juu, uliponiachia. Ulichoka au ulitaka?"

Yazan alijitazama viganja. Angeweza kusema alichoka. Neno lilikuwepo, dogo, jepesi kulitamka.

"Sijui," alisema. "Wallahi Ruba, sijui."

"Ungesema umechoka ningekuamini."

"Ndiyo maana sikusema."

Akaanza kulia, yeye kijana wa miaka ishirini, ameshika shuka la mama yake. Ruba hakumkaribia. Aliitazama barabara kuu kule chini, magari yakienda na kurudi, mpaka Yazan aliponyamaza.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, familia nzima ikiwa bado mezani, Ruba alisema, "Baba, mie na Yazan tumemaliza."

"Bega litapona."

"Litapona. Lakini sitelezi naye tena."

Bwana Harub aliweka kijiko chini. "Basi ndo hutateleza na mtu."

"Najua."

"Baba," Yazan alianza, "kosa langu mimi, mimi ndiye—"

"Alipata masomo Scotland," Ruba akamkata. "Akayakataa kwa ajili yangu. Mie sitaki kubebwa na mtu anayelipa namna hiyo. Basi."

Ulikuwa ukweli, lakini nusu yake tu. Bwana Harub alimtazama mwanawe, uso umemshuka. Jumamosi alikwenda mwenyewe ofisi ya masomo. Nafasi ilikuwa imeshatolewa. Walimwambia Yazan aombe upya, naye akaomba, akapata, akaondoka Septemba ya mwaka uliofuata. Kwenye uwanja wa ndege wa Seeb, Ruba alimbusu kichwani na kumwambia ale vizuri. Yazan alipotaka kuomba msamaha kwa mara ya kumi, alimwekea mkono mdomoni.

"Nlishakusamehe hospitali. Kukuamini ndo sijaweza. Hayo mawili mbali mbali. Nenda, watakuacha."

Mwalimu alikuwa ameshahamia Kuala Lumpur. Ruba akapata kazi benki, na alfajiri za Alkhamisi na Ijumaa aliwafundisha watoto wa kike kuteleza. Jozi hakufundisha.

Majira ya baridi ya mwaka 2004 Yazan alipiga simu kutoka kwenye kibanda cha bweni lake. Ruba alimwambia mwalimu ameandika tena. Yule kijana wa Kuala Lumpur ameachwa na mwenza mwengine. Bado wanamtaka.

"Na Baba?"

"Amekataa. Kasema yale yale."

"Utafanyaje?"

"Ntamuuliza tena mwakani."

"Na akikataa?"

"Ntamuuliza mwaka ule mwengine. Nna miaka kumi na tisa, Yazan. Sijazeeka bado."

Yazan aliushika mkono wa simu kwa nguvu. "Nirudi likizo, nimwambie kilichotokea siku ile. Nimwambie mimi ndiye niliyekuachia. Ajue kuwa kaka si—"

"Umwambie, halafu?" Sauti yake haikupanda. "Atasema, ikiwa kaka yake wa damu alimuachia, sembuse mgeni. Hapo mlango ndo utafungwa moja kwa moja."

 Nyuma ya Yazan wanafunzi wawili walikuwa wakingoja zamu yao ya simu.

"Kwa hivyo ninyamaze."

"Unyamaze," alisema Ruba. "Hicho ndicho unachoweza kunishikia." Kisha akaita, "Mama, njoo, mwanao huyu hapa," na Bi Nasriya akachukua simu, akamuuliza huko baridi ikoje na kama amekula.