Dakika Tatu za Mama Anastasie

Siku ya nne ya juma, saa tatu asubuhi, Mwalimu Hippolyte alifungua sanduku la chuma, akatoa tableti kumi na mbili, akazipangusa moja moja kwa kipande cha kikwembe, vazi kuukuu la mke wake. Watoto wa mwaka wa sita walikuwa thelathini na sita. Walikaa watatu watatu, na yule wa katikati ndiye aliyeruhusiwa kugusa kioo. Shule yao iko kwenye barabara inayotoka Kasongo kuelekea Wamaza, na siku hiyo ilikuwa imenyesha kidogo tu.

Somo liliitwa Kuita Kumbikumbi. Mradi uliogawa tableti ulikuwa umeomba kila shule irekodi masomo sita ya elimu ya wenyeji, ili watoto wasisome vitu vya mbali pekee. Masharti hayakuwa mengi. Kubwa lilikuwa kwamba kila somo lisipite dakika tatu, kwa sababu rezo ya simu ya Kasongo haibebi zaidi ya hapo.

Kwa hilo somo, Hippolyte alikuwa amekwenda kurekodi nyumbani kwa Mama Anastasie, mjane anayekaa nyuma kidogo ya shule. Kichuguu chake ni kirefu kuliko jiko lake. Alikipata kwa mama yake, ambaye alikipata kwa mama yake, na kumbikumbi wake ni wale wanaotoka mchana baada ya mvua. Kila mwaka aliwakausha, akajaza madebe mawili, na madebe hayo yalimfikisha mpaka mavuno ya kwanza ya muhindi. Alifunika kichuguu kwa majani ya migomba, akaacha mlango mmoja, akakaa na vijiti viwili mbele ya ubao mkavu. Alipiga matone makubwa kwanza, moja hapa, moja pale. Kisha akapiga mvua yenyewe. Kumbikumbi chini ya udongo waliisikia mvua, wakaanza kutoka, na Hippolyte akawa anashika tableti kwa mikono miwili. Zilipofika dakika tatu, tableti ilijisimamisha.

"Bado sijafunga," alisema Mama Anastasie.

"Mama, yenye imeingia inatosha."

Akamweleza kwamba mvua ikipigwa lazima ifungwe. Kuna mapigo ya mwisho, ya taratibu, kama maji yanayodondoka ukingoni mwa paa mvua ikishapita. Wale wa chini wakiyasikia wanaziba milango, wanabaki kwa ajili ya mwaka unaofuata. Wasipoyasikia wanaendelea kutoka mpaka mama yao mwenyewe anatoka, na kichuguu ambacho mama yake ametoka kinabaki udongo. Hippolyte alisikiliza kwa heshima, maana ni mtu wa heshima. Akasema hiyo sehemu ingefaa iwe somo la saba. Mradi uliomba sita. Mama Anastasie alifunga peke yake, mwalimu akiwa ameshafika barabarani.

Basi siku hiyo ya nne, katika dakika ya pili ya somo, kumbikumbi wa kwanza alitoka kwenye tundu la kuchaji la tableti ya saba. Alikunjua mabawa, akatembea juu ya kioo, akapita juu ya picha ya vijiti, akaruka. Wa pili akamfuata. Baadaye tableti zote zilikuwa zinatoa. Watoto walikuwa wameona kumbikumbi tangu wazaliwe, wakafanya linalofanywa: walinyofoa mabawa, wakala. Fifi, binti wa fundi baiskeli, aliomba ruhusa ya kuleta beseni. Mwalimu alimruhusu, akamkumbusha aandike tarehe kwanza kwenye kaye, daftari lake la somo.

Diretrisi Arlette, mkuu wa shule, alikuja kutazama. Aliuliza kama tableti zimeharibika. Hippolyte alijibu kwamba betri iko asilimia themanini. Diretrisi akasema kama ni hivyo hakuna shida, ila mabeseni yafunikwe, kwa sababu mwaka wa tano wanasikia harufu na hawafuati tena hesabu.

Somo liliisha, kumbikumbi hawakuisha. Hippolyte alizima tableti, wakaendelea kutoka. Alizirudisha kwenye sanduku, akapiga kufuli, na sanduku likavuma mpaka saa ya kwenda nyumbani.

Mchana huo mvua kubwa ilinyesha. Mama Anastasie alifunika kichuguu chake, akapiga vijiti. Hakutoka hata mmoja. Aliweka sikio juu ya udongo. Aliwasikia wakitembea, wengi, bila haraka, wote wakielekea upande wa shule. Akaondoa majani ya migomba, akayapa mbuzi, akanawa miguu.

Kesho yake alikwenda shuleni. Diretrisi alimpokea vizuri, akampa kiti, akamwuliza habari za mguu wake uliokuwa unauma tangu Pasaka. Mama Anastasie akasema mguu uko, kisha akaomba aachiwe nafasi ndogo mbele ya zile tableti, afunge.

"Ufunge nini, mama?"

"Milango yao. Ile mvua mulibeba iko wazi. Mama yao akitoka, mi sina tena kitu."

Diretrisi alifikiri. Akamweleza kwamba mtu asiye na diploma hasimami mbele ya wanafunzi saa ya somo, na Mama Anastasie aliishia mwaka wa sita. Kuongeza kitu ndani ya somo pia haiwezekani, somo limeshapanda kwenye rezo.

"Si mimi ninakukatalia," alisema. "Sheria iko vile. Hata bwana yangu haingiake mule."

Walikubaliana Hippolyte ajaribu kwa niaba yake. Mama Anastasie alimpigia mapigo ya mwisho kwenye meza ya diretrisi mara nne, na mwalimu alisema ameyashika. Siku iliyofuata aliyapiga darasani kwa rula mbili. Kumbikumbi waliokuwa wakirukia dirisha la kulia walianza kurukia dirisha la kushoto. Aliandika jambo hilo ubaoni, watoto wakanakili.

Ilipopita juma moja, Mama Anastasie alibeba ubao wake, akaenda kukaa barabarani, karibu na ua wa shule. Alingoja saa ya somo. Aliposikia tableti zimeanza matone yake makubwa, alipiga mapigo ya kufunga. Darasani kumbikumbi walisimama. Waliokuwa wametoka nusu walibaki nusu, vichwa vikitazama dirishani. Alipiga la pili, la tatu, la nne. Lakini watoto wa nyuma walilalamika kwamba hawasikii vizuri sababu ya makelele ya inje, kwa hiyo Hippolyte aliongeza sauti. Kumbikumbi wakageuza vichwa, wakaendelea kutoka. Fifi alitumwa barabarani. Alisimama mbele ya Mama Anastasie, mikono nyuma, akamwambia kwamba Mama Diretrisi anaomba kwa heshima wasisumbuliwe, somo linaendelea. Alisema bila kukosea neno. Mama Anastasie alimshukuru, akaokota ubao wake.

Hawa, anayekaangia mandazi watu wa pikipiki wanaopanda Salamabila, alikuwa ameona yote kutoka kwenye kibanda chake.

"Mama Anastasie, kumbikumbi yako imekufikia mwaka wa sita," alimwambia. "Mwaka kesho itakupita."

Mama Anastasie alicheka, kwa sababu ilisemwa vizuri. Akanunua andazi moja, akala akiwa amesimama.

Shule ilizoea. Kila familia yenye mtoto kwenye rejista ilipata bakuli moja la kumbikumbi kila siku ya sita ya juma. Watoto walinenepa kidogo mashavuni. Wazazi wawili waliokuwa wamewatoa watoto wao kwenda kuchekecha mchanga wa dhahabu waliwarudisha, na diretrisi aliandika jambo hilo kwa bic nyekundu. Mama Anastasie hakuwa na mtoto kwenye rejista. Kila asubuhi aliweka sikio kwenye kichuguu, akasikia wanavyopungua.

Siku ya kumi na sita tangu somo lile lianze, inspekta alifika kwa pikipiki kutoka Kasongo. Alikaa nyuma ya darasa na karatasi zake gotini. Hippolyte alianza somo. Hakuna kumbikumbi aliyetoka. Ilipofika dakika ya tatu, tundu la tableti ya saba lilianza kupanuka, taratibu, kama mlango anaofunguliwa mgeni mwenye mizigo. Mama wa kumbikumbi alitoka. Alikuwa mweupe, mnene kuliko dole gumba la mwanaume, na kutoka kwake kulichukua saa nzima ya somo la kifaransa lililofuata. Watoto hawakumgusa. Huyo haliwi.

Walimweka ndani ya boksi la chaki lenye udongo mbichi. Diretrisi alimwandika kwenye liste ya vifaa vya kufundishia, chini ya ramani ya Afrika. Inspekta aliandika kwamba elimu ya wenyeji na tekinolojia vimeungana vizuri, na kwamba somo litatumwa pia Nyangwe na Kabambare, jinsi lilivyo.

Mama Anastasie alikuja mchana huo huo. Hakuna aliyemwambia, kichuguu kilikuwa kimenyamaza. Aliomba arudishiwe huyo mama, amrudishe kwake kabla hajakauka.

"Sasa iko kwenye liste, mama," alisema diretrisi, na alionekana kweli ana huruma.

Mama wa kumbikumbi aliishi siku tatu ndani ya boksi. Kichuguu kilianza kupasuka. Kuku walipanda juu yake, na mvua ya siku ya pili ya juma ikabeba ubavu mmoja mpaka kwenye mlango wa jiko.

Kabla hajaondoka, inspekta alikuwa ameacha karatasi nyingine. Kila mwanafunzi amfundishe somo mtu mzima mmoja wa jirani ambaye hakuendelea na shule, na huyo mtu atie kidole. Fifi alimchagua Mama Anastasie, sababu anakaa karibu na hana haraka. Alimkuta amekaa jikoni, akipukuchua muhindi kidogo aliopewa na Hawa. Akamwomba aache, alete vijiti na ubao.

"Kwanza, mama, unapiga matone makubwa, mbali-mbali," alisema Fifi. "Hapana, si vile. Lete mukono."

Alimshika mkono, akamwonyesha. Mama Anastasie alipiga alivyoonyeshwa. Wakapita kwenye mvua yenyewe, Fifi akihesabu kwa midomo, mpaka akainua kiganja.

"Imeisha. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

"Kuko swali?"

Mama Anastasie alitazama vijiti, akasema hakuna. Akatia kidole. Fifi alipuliza wino ukauke, akamwambia ameshika haraka kuliko watu wazima wengine wote aliosikia habari zao, akakunja karatasi mara mbili, akaenda.

Ripoti ilipanda mwisho wa mwezi. Watu wazima waliofundishwa kuita kumbikumbi walikuwa thelathini na sita, na jina la Mama Anastasie limeandikwa humo kwa herufi nzuri, mwaka wake wa kuzaliwa pembeni, namba kumi na nne.