Pravin Hana Kaburi

Limi alikuwa bado hajavua kanga aliyoendea hospitali pale Maduhu, mdogo wake, alipopiga simu kutoka kijijini kwao Samuye kumwambia kwamba kaburi limeshachimbwa.

"Kaburi la nani?"

"La shemeji, dada. Pembeni ya baba. Vijana wamemaliza sasa hivi. Udongo mzuri, hauna mawe."

Limi akasimama katikati ya sebule. Pravin, mume wake, alikuwa akiuza vipuri vya karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Jana yake presha ilimwangusha dukani kwake Katoro, na alipofikishwa hospitali alikuwa ameshakata roho. Mwili uliletwa hospitali ya Shinyanga asubuhi hiyo. Limi hakuwa amemwomba mtu yeyote achimbe chochote.

"Nani kakutuma, Maduhu?"

"Nitumwe? Mtu akifa anachimbiwa."

Akamkatia simu. Alikuwa na hasira naye kwa kuwa hakumwuliza, lakini alikuwa na hasira zaidi na moyo wake mwenyewe, kwa sababu uliposikia maneno yale, pembeni ya baba, ulitulia. Hawakujaliwa mtoto. Kaburi lingekuwa kitu chake cha kupalilia, mahali pa kwenda kukaa na kumsema Pravin kwa kumwacha peke yake. Naye Pravin alikuwa amemwambia mara nyingi, tena bila kupepesa macho: mimi Mhindu, nikifa nichome.

Mchana akafika Nilesh kutoka Mwanza, mtoto wa kaka yake Pravin, na mzee mmoja wa jamii yao, na pikapu imejaa kuni na madebe ya samli. Watu hao hawakuwa wamekanyaga nyumba hiyo tangu Pravin alipomwoa Msukuma. Nilesh aliingia uani na viatu mpaka kwenye mkeka wa wafiwa.

"Pole, mama. Tunamchoma leo jioni. Kwa kuwa hana mtoto wa kiume, moto nitawasha mimi. Wanawake watabaki nyumbani."

"Achomwe?" Maduhu alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye bodaboda, suruali ina udongo wa kaburi mpaka magotini. "Huku kwetu anayechomwa ni kibaka. Shemeji yangu kamwibia nani?"

"Mayu wane!" akalia mama mmoja mkekani, akimwita mama yake kwa Kisukuma.

"Bwana, wewe huijui dini yetu," Nilesh akasema.

"Nijulishe basi. Mtume wenu ni nani?"

"Hatuna mtume."

"Dini haina mwenyewe! Mliiokota?"

Mtu akacheka, akaziba mdomo kwa kanga. Limi hakucheka. Swali hilo aliliuliza yeye mwaka alioolewa, na Pravin hakukasirika. Alimwambia kwamba dini yao haikuanzishwa na mtu mmoja. Ilikua kidogo kidogo huko India na kando ya mto Sindhu, maelfu ya miaka iliyopita, na nyimbo zake takatifu zilipita kutoka mdomo hadi sikio kabla hazijaandikwa. Miungu ni mingi kwa majina na sura, alisema, lakini Wahindu wengi huamini kwamba nyuma ya miungu hiyo yote yupo Mmoja, na cheche yake imo ndani ya kila kiumbe. Mwili ukifa cheche haifi, inazaliwa tena katika mwili mwingine, na hali itakayozaliwa nayo inatokana na matendo yake, wanayoyaita karma. Inazunguka hivyo mpaka siku itakapofunguliwa. Moto unaisaidia kuuacha mwili.

Na siku alizomkuta amenuna kwa ajili ya mtoto wasiyempata, alimsimulia habari za Buddha. Naye alitoka katika nchi hizo hizo, mwana wa mtawala. Alipoona mzee, mgonjwa na maiti, akatoka katika jumba lake usiku kutafuta kwa nini watu wanateseka. Akaja kufundisha kwamba kila kitu kinapita, na mateso yanatokana na tamaa, na kung'ang'ania visivyokaa. Kwamba mtu anaweza kuyazima kwa mwenendo mwema na akili iliyotulia, awe wa ukoo wowote.

"Aliacha mke?" Limi aliuliza.

"Na mtoto mchanga."

"Na mateso ya huyo mke aliyazima nani?"

Pravin alicheka mpaka akakohoa. "Una haki ya kumkasirikia," alisema.

Mkekani, Maduhu na Nilesh walikuwa wameanza kupaza sauti, kila mmoja akisema mwili ni wake. Hakuna aliyemtazama Limi. Nilesh akaona anazidiwa, akatupa neno:

"Baba mdogo alijitafutia. Aliacha watu wake. Kukosa mtoto, kufia katikati ya vyuma, yote hayo ni karma yake."

Limi akainuka.

"Toka kwenye mkeka wangu."

"Mama, mimi nasema tu..."

"Neno hilo nilifundishwa kabla hujaota ndevu. Karma ni kuangalia mikono yako mwenyewe. Pravin hakusema ni fimbo ya kuchapia maiti. Na kama cheche ile ile imo ndani yako, na ndani yangu, na ndani ya ng'ombe wa Maduhu, basi watu wake aliowaacha ni akina nani? Vua viatu!"

Nilesh akavua viatu. Maduhu akaanza kutabasamu.

"Na wewe usinichekee. Ulichimba bila kumwuliza mwenye maiti. Atachomwa, maana alisema. Moto nitawasha mimi."

"Na kaburi, dada? Haliachwi wazi. Litamwita mwingine."

"Zika mgomba badala ya maiti, kama watu wanavyofanya."

"Samuye mgomba nitaupata wapi?"

"Sokoni. Panda bodaboda."

Nilesh alimgeukia mzee wake apate msaada. Mzee akakuna kidevu. "Siku hizi wapo wanawake wanaowasha," alisema. "Ni mke wake."

Katika uwanja wa Wahindu nje ya mji, jua likiwa bado lina nguvu, Limi alizunguka kuni kama alivyoelekezwa, akashusha mwenge. Samli ikashika upesi. Alitaka kumzaba kofi mtu aliyelala pale ndani, aliyemwomba jambo hili kisha akamwachia alifanye peke yake, na ambaye kwa ajili yake Limi alikataa kaburi alilolitaka kuliko kitu chochote.

"Umepata ulichotaka," alimwambia. "Mimi sijapata."

Kuni zilipoanza kuporomoka, mzee akamgusa bega. "Sasa twende. Usigeuke nyuma. Ukimtazama unamshikilia, naye anashindwa kuondoka."

Limi akatembea nao mpaka kwenye pikapu. Nilesh akamfungulia mlango. Hapo akageuka, akaukodolea moto macho, na mzee alipomwita akazidi kutazama.