Upepo Ulioonekana Toka Juu

…na Reine, huyu huyu anayesinzia kila siku, leo njo ameamka, "Madame, lakini hiyo satelite inatusaidia nini siye watu wa Kalemie?" na darasa zima linacheka, na Madame Joëlle chaki imemgandia ubaoni, roketi imechorwa nusu, mtoto gani huyu asiye na adabu, inatusaidia nini, inatusaidia nini… haya eleza, wewe si mwalimu, sema roketi inachoma mafuta inanyanyuka, tangi la chini likiisha mafuta linatupwa, la pili linawaka, kisha inajilaza ubavu na kukimbia, kukimbia kweli kweli, mpaka satelite ikiachiwa inaanguka na dunia inapinda chini yake, inaanguka kila siku bila kufika, lakini Prospère alifika, mdogo wake Joëlle wa tumbo moja, alifika chini ya ziwa, wiki tatu sasa, na Apollinaire mwenye boti bado anatembea sokoni na kofia yake, mshenzi, muuaji, alimwambia hivyo kwenye matanga mbele ya watu wote, umejaza boti, umeniulia ndugu, na yule mzee akainamisha kichwa… "Madame, tuandike?" muandike nini, nyamazeni kwanza! kitu kile kiko juu huko, kiliyaona mawingu yakijikusanya kabla mtu yeyote hapa hajasikia upepo, na habari ikashuka njia yote ile, ikaingia kwenye simu, simu ya nani, Joëlle, sema simu ya nani… Prospère usiku ule, "Yaya, dada yangu, simu yangu haina intaneti, asubuhi uangalie yako, kukiwa na upepo unipigie, sitaondoka," na yeye akasema sawa, nenda ulale, na asubuhi simu ikalia chini ya rundo la mitihani, mitihani ya roketi, Mungu wangu, akaisukuma pembeni, alikuwa anasahihisha, akaisoma ile habari ya upepo saa sita mchana, boti imeshaondoka, na hakumwambia mtu, hata mama yao, akaenda kumtafuta Apollinaire amtukane… mafuta yote yale yaliungua ili habari ishuke, ikashuka, ikakwama kwenye mkono wake, mkono huu huu wenye chaki, muongo wewe, si Apollinaire, ni wewe, na leo jioni utaenda kwake na utamwambia hivyo hivyo, mbele ya watu wale wale… "Madame?" anasema Reine, hacheki tena, na roketi ubaoni bado ni nusu.