Kwaya Iliyolia

Mjane aliyefua majoho ya kwaya alikuwa kanisani peke yake kama ada yake. Wanakwaya walikuwa wamejifungia makwao wakiogopa mabomu ya machozi. Mara wanafunzi waandamanaji wakaingia mbio, macho mekundu, nguo zikinuka moshi wa mabomu hayo, wakifukuzwa na askari waliokwisha kuwaua wenzao.

"Nyumba ya Mungu haina mgeni," akasema mjane, akiwarushia majoho. "Vaeni, wajukuu zangu. Imbeni!"

"Bibi, hatujui wimbo!"

"Na mimi nilifukuzwa kwenye kwaya kwa sauti ya chura. Nifuateni."

Askari wakaingia na virungu. Mkubwa wao akakunja uso. "Kwaya gani mbovu hivi?"

"Ndiyo maana tunafanya mazoezi, mwanangu."

Wakaondoka wakiziba masikio. Baadaye wanafunzi nao wakachomoka mlango wa nyuma, mmoja mmoja, kanisa likapoa kuliko mwanzo. Bibi akayatundika majoho bila kuyafua. Hakutaka kuifukuza harufu ya watu.

Jumapili kwaya nzima ikavaa majoho hayo, ikaimba huku machozi yakiwabubujika. Mchungaji akapaza sauti kwamba Roho ameshuka. Bibi, kwenye benchi la mwisho, alicheka ndani ya leso, wala hakuwa na wa kumnong'oneza.