Kodi ya Chini ya Koti

Mjukuu wangu Wayua alipopata kazi Salama, nilisimama kanisani hapa Mutomo wakati wa matangazo nikawaeleza washirika wote. Sikuwa nimeombwa. Mchungaji alikuwa anatafuta tu mtu wa kupanga viti vya harusi, lakini mimi nilikuwa na jambo, na nililisema kwa ukamilifu: kwamba Wayua amesomea mambo ya vyakula hadi diploma, kwamba ameajiriwa katika ghala kubwa la matunda kando ya barabara ya Mombasa, na kwamba kazi yake ni kupima maembe, machungwa na maparachichi yanayoteremshwa kutoka milima ya Kilungu, na kuamua lipi lisafiri na lipi lirudi lilikotoka. Watu walipiga makofi. Mke wangu Mbithe alinivuta koti ili niketi.

Kwa hivyo aliponipigia simu kabla hajamaliza miezi miwili huko, kusema anaacha kazi, nilitoka nje nikaenda hadi zizi la mbuzi ili Mbithe asisikie.

Hakuwa analia. Aliongea kama mtu aliyekwisha kufikiri akamaliza. Mshahara wa kuanzia ulikuwa mdogo, na bosi wake, Bwana Musyimi, alikuwa amemwambia wazi kwamba hautaguswa mpaka muda wa majaribio uishe. Hilo alilikubali. Shida ilikuwa Salama yenyewe. Mji ule uko kwenye barabara kuu. Madereva wa malori wanalala pale, wafanyabiashara wanalala, mainjinia wa ujenzi wanalala, na wote hao hulipa bila kubisha kwa sababu kesho wanaondoka. Mwenye vyumba akishazoea pesa za mpita njia, mtu wa kukaa hamtazami tena. Wayua akitoa kodi, na maji ya mtungi, na tokeni za stima, angebaki na chai ya rangi mpaka mwisho wa mwezi. Tangu aanze kazi alikuwa analala kwa rafiki yake wa ghalani, na sasa dada ya huyo rafiki alikuwa anakuja Jumapili na mtoto mchanga. Nafasi ilikuwa imeisha.

"Babu, kuna ploti moja ya vyumba vya kupanga nimeipenda," akasema. "Ni safi, iko karibu na kazi, na geti linafungwa. Lakini mwenyewe hapunguzi. Nikikosa hiyo, Jumatatu namwambia Musyimi asante, narudi nyumbani."

Nikamwambia asimwambie mtu yeyote asante kabla sijafika.

Jumamosi nilivaa koti langu la kanisani, lile la kijivu, nikamwambia Mbithe ninakwenda kuona mahali mtoto anapofanya kazi. Hakuuliza zaidi. Alinifungia mfuko wa pojo na mwingine wa muthokoi, mahindi aliyoyakoboa kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu hawezi kuamini kwamba watu wa Salama wanajua kula. Nikapitia Kibwezi, na mchana nikawa nimesimama mbele ya geti pamoja na Wayua, ambaye alikuwa ametoka kazini na mikono inanuka maembe.

Mwenye ploti aliitwa Adow, ingawa wapangaji wote walimwita Haji. Alikuwa mzee wa rika langu, mtu wa kaskazini mashariki aliyefanya biashara ya mifugo maisha yake yote. Magoti yalipomkataa, aliwageuza mbuzi wake kuwa vyumba vya mawe. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki getini, bakora mapajani. Nyuma yake vyumba vilitazamana katika safu mbili, na katikati kulikuwa na sakafu ya simiti, bomba na kamba za nguo. Kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, nusu ya wapangaji walikuwa hapo wanafua.

Nilimsalimu vizuri, kisha nikafanya kama tunavyofanya sisi Wakamba sokoni. Nilisimama wima na kunena ili kila mtu asikie, maana kwetu mtu anayenong'ona bei anashukiwa. Nilieleza kwamba mfanyakazi mpya na mwenye nyumba ni washirika katika uchumi wa mji. Nilieleza kwamba anayepanga mshahara wa kuanzia huwa analala katika nyumba yake mwenyewe, na anayepanga kodi huwa anamfikiria dereva wa lori, na kijana anakamuliwa katikati. Nilikuwa nimeyafikiria maneno hayo tangu Kibwezi na yalitoka bila kukwama. Nikamaliza kwa kumwomba ampunguzie binti huyu kodi, leo, mbele ya mashahidi hawa.

Mashahidi walikuwa wameacha kufua. Fundi mmoja wa magari, jina lake Mwau, alifunga bomba kabisa ili asikie jibu, povu likimtiririka mikononi.

"Haji," Mwau akasema, "huyo akipunguziwa, na sisi tuko hapa."

Watu walicheka na kusogea karibu. Uso wa Adow ulifungwa kama duka saa ya swala.

"Bei ni moja," akasema. "Kwa kila mtu."

Nikajaribu tena kutoka upande mwingine. Nikapata jibu lile lile, fupi zaidi. Wayua alinigusa kiwiko, akasema kwa upole kwamba twende tu, kwamba nimejaribu. Akaokota mfuko wa muthokoi. Aliushika kama mtu anayepima kama utamtosha hadi Mutomo.

Wakati huo huo kijana wa bucha alipita nje ya geti akivuta mbuzi kwa kamba. Adow hakuwa hata anamtazama. Mkono wake ulinyooka wenyewe, vidole vitatu vikambinya mbuzi mgongoni, pale juu ya figo, akatikisa kichwa kwa masikitiko, mkono ukarudi kwenye bakora. Mbuzi na mwenye kamba wakaendelea na safari yao.

Mimi nilisimama pale pale. Miaka mingi nilikuwa nikinunua mbuzi katika soko la Mutomo kwa ajili ya bucha moja ya Kitui mjini, na wafanyabiashara wa kaskazini walipoleta mifugo, bei kubwa haikuwahi kutamkwa kwa mdomo. Muuzaji na mnunuzi walipeana mikono, shuka ikatupwa juu ya mikono hiyo, na vidole vikazungumza. Kidole kimoja ni moja, viwili ni mbili, mkono mzima ni tano, na kama ni mamia au maelfu wenyewe wanajua kwa kumtazama mnyama. Anayesimama kando haoni kitu. Muuzaji anaweza kumpunguzia mtu huyu leo na kesho akamkatalia mwingine, wala hakuna atakayemwuliza mbona.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichomfanyia Adow. Nilikuwa nimemwambia mtu avue nguo mbele ya wapangaji wake. Hata angekuwa na huruma kama mto Athi, angeitoa vipi, na Mwau amefunga bomba?

Nikavua koti. Nikavuta ndoo iliyokuwa tupu, nikaigeuza, nikaketi mbele yake. Nikaliweka koti juu ya mkono wangu wa kulia na kuunyoosha mkono huo chini yake.

Adow alilitazama koti kwa muda. Kisha akanitazama mimi.

"Soko gani?" akauliza.

"Mutomo."

Akaiweka bakora chini, akaingiza mkono wake.

Nilishika vidole vyake nilivyokusudia. Aliachia mguno mkubwa, akawageukia wapangaji na kusema kwa sauti kwamba huyu mzee ametoka mbali bure, kwamba yeye amesema bei ni moja na hatabadilisha. Wakati mdomo ukisema hayo, chini ya koti alikuwa amevishika vidole vyangu, na havikuwa vingi kama vile mdomo wake ulivyodai. Mimi nikalalamika kwa sauti kwamba watu wa Salama hawana huruma. Nikaongeza kidogo. Yeye akaniita mzee msumbufu, akapunguza kidogo. Mwau alichoka kusikiliza ugomvi usiokwenda popote, akafungua bomba, na wengine wakarudi kwenye beseni zao.

Tungeweza kumaliza mapema. Tulikuwa tumeshakaribiana, na kila mmoja wetu alijua mwenzake ataishia wapi. Lakini Adow hakuuachia mkono. Alirudi nyuma, akajifanya amekasirika, akabinya kidole cha mzaha, bei ya kumpangishia waziri, na macho yake yakawa yanacheka. Mkono wake ulikuwa mkavu na bado una nguvu.

"Siku hizi wananitumia kodi kwa simu," akaniambia polepole. "Mwezi unakuja, mwezi unaisha, sijashika mkono wa mtu."

Basi nikampa muda wake. Mwishoni akanishika kwa bei ambayo niliiona kuwa ya haki kwa pande zote mbili, nami nikakubali. Akalitoa koti mwenyewe, akanipiga kiganja mbele ya watu wote, kisha akatangaza kwa ukali kwamba binti ataingia leo na atalipa kama wenzake. Mwau akaitikia kwamba hiyo ndiyo haki. Nilimwachia Haji pojo zote. Muthokoi nilimwachia Wayua, maana sasa alikuwa na pa kuipikia.

Chumbani, mlango ukiwa umefungwa, Wayua aliuliza ni ngapi. Nilimfundisha kwanza namba za vidole, kisha nikatupa koti juu ya mikono yetu nikamwambia. Aliomba nirudie. Nikarudia. Akaketi sakafuni, kwa kuwa hakukuwa na kiti, akaanza kucheka, akasema atanunua godoro jioni hiyo hiyo.

Nilipokuwa naondoka aliniomba nimwachie koti. Alisema upepo wa Kilungu unashuka usiku na Salama ina baridi kuliko Mutomo. Ni kweli, ina baridi. Nilirudi nyumbani na shati tu, na Mbithe akauliza maswali mawili: koti liko wapi, na kodi ni ngapi. La kwanza nilimjibu. La pili nilimweleza kwamba bei ya namna hiyo haitamkwi. Hakunipikia chai siku hiyo.

Baada ya hapo habari zilikuja kwa simu. Mwau si mjinga. Alikuwa ameona mikono ikiingia chini ya koti hata kama hakuelewa. Siku chache baadaye alikwenda getini na ovaroli yake iliyojaa grisi, akaitupa juu ya mkono. Haji alimfundisha kwa subira. Kisha mama mmoja muuza mitumba akaja na leso, na mwishowe hata mpangaji mmoja, dereva wa lori, akaja na taulo. Wayua anasema siku hizi ploti nzima ina furaha ya ajabu. Hakuna anayejua mwenzake analipa ngapi, na kila mmoja anawaonea wengine huruma. Haji hajapoteza sana. Yule dereva alitoka chini ya taulo akiwa analipa zaidi ya mwanzo, na anatabasamu kuliko wote.

Krismasi ilipokaribia, muda wa majaribio uliisha. Wayua alifika nyumbani na koti langu limekunjwa vizuri, lakini lina utomvu wa embe kwenye mkono wa kushoto, na Mbithe akaliona kabla halijatua kitini. Tukaketi kusikia.

Bwana Musyimi alikuwa amemkubali kazini, ila kuhusu nyongeza alisema mikono yake imefungwa: vijana wengine wapya walikuwa hapo nje mlangoni, na akimwongeza mmoja atasikia kelele hadi Emali. Wayua hakubishana. Aliliweka koti juu ya meza yake. Musyimi ni mtu wa Kilungu, mtu wa matunda. Hakuwahi kuona jambo kama hilo. Alicheka hadi akafuta macho. Lakini aliona faida yake haraka, akauliza kidole kimoja ni kiasi gani, akaingiza mkono.

"Na anajua kubishana," Wayua akasema. "Alinichelewesha kwenda kula."

Januari anarudi kazini. Amenunua kiti, na meza anaifikiria. Nilingoja Mbithe aende kutazama jiko, nikasogea karibu na mjukuu wangu, nikamwuliza kwa sauti ya chini walifika vidole vingapi.

Alinitazama kwa heshima kubwa, akachukua koti, akalikung'uta, akanivisha mabegani.

"Babu," akasema, "hayo ni ya chini ya koti."

Kutoka jikoni nilimsikia Mbithe akicheka peke yake, na hakuacha mpaka chai ikafika mezani.